Kigonge Kabla Hujakipenda

Natumaini mwezi uliopita umekwenda salama, mishahara imeingia, na wale walionuniana kwa sababu ya rimoti ya televisheni wameshapatana. Mwezi huu tunaongelea kununua. Si kununua simu wala kochi, si unajua hayo tumeyaongea mpaka basi, bali kununua kitu kilichofinyangwa kwa mkono na ambacho kikitunzwa kitakaa nyumbani kwenu kuliko hilo kochi lenyewe: chungu cha Wakisi.

Kwa nini chungu? Kwa sababu vijana wengi wa mjini siku hizi wanavitafuta. Nenda kwenye kicheni pati yoyote, katikati ya mabeseni, hotpoti na seti za vikombe, utamwona shangazi mmoja anaingia na chungu amekishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Vigelegele! Bibi harusi analia, picha zinapigwa. Miezi miwili baadaye chungu kilekile kimepasuka juu ya jiko la gesi, maharage yamemwagika, na maneno yanaanza: "Vyungu vya siku hizi bwana, si kama vya bibi zetu."

Jamani, tuwe wakweli. Mara nyingi mfinyanzi hana kosa hapo. Aliyenunua aliona michoro, akaipenda, akatoa pesa. Alinunua michoro, chungu chenyewe hakukiangalia. Na hili ndilo ninalotaka tuelewane leo, wewe na mwenzio: kwenye kitu cha mkono, urembo unaangaliwa mwisho.

KINAKOTOKA

Wale ambao hamjafika, ukitoka Mbeya unateremka kupitia Tukuyu, migomba kushoto na kulia, joto linaongezeka kidogo kidogo, mpaka unaingia Kyela, kwenye mashamba ya mpunga na kakao. Huo mchele wa Kyela mnaougombania Dar es Salaam ndiko kwao. Kutoka hapo unapita Ipinda, halafu unafika Matema, kwenye kona ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa. Mbele yako maji, upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima kama ukuta uliozamishwa ziwani.

Sasa, chini ya ukuta huo, mbele kidogo ya Matema, kuna Ikombe, kwa Wakisi. Mlima unaingia moja kwa moja majini, kwa hiyo sehemu tambarare ya kulima ni finyu sana. Lakini ziwa lina samaki, na ardhi ina udongo mzuri. Wakisi wakaishi kwa hivyo viwili. Ufinyanzi ni kazi ya akina mama, na kwa vizazi vingi vyungu vyao vimebadilishwa kwa chakula cha Wanyakyusa wenye ardhi yenye rutuba. Vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi na kuvushwa mpaka Lyulilo, karibu kabisa na Matema, ambako kwa miaka mingi Jumamosi imejulikana kuwa ndiyo siku ya soko la vyungu. Kutoka hapo wachuuzi wanavipeleka Kyela, Tukuyu, Mbeya, na vingine vinafika hadi Dar.

Hawa akina mama hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Ni mikono, maji, vifaa vidogo vya kukwangulia na kusugulia, na jicho. Hawachomi kwenye tanuri la matofali, wanachoma kwenye moto wa wazi. Kwa hiyo kila chungu kina bahati yake. Viwili vilivyotengenezwa na mkono mmoja, siku moja, vinaweza kutoka motoni kimoja kizima na kingine na ufa ambao macho hayauoni. Ndiyo maana lazima ujue kuchagua.

WENZETU WA VISU

Hebu tutoke Kyela dakika moja. Kule Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya visu vya kukunja vilivyotengenezwa kwa chuma cha damaski. Huyo fundi anachukua aina mbili za chuma, anaziunganisha kwa moto na nyundo, anakunja au kukata na kupanga tabaka juu ya tabaka, mwishoni anachovya kwenye tindikali na mawimbi yanajitokeza kama maji ya ziwa wakati wa upepo. Kisu kimoja kinaweza kugharimu mshahara wa mtu wa miezi kadhaa.

Anayeanza kukusanya huangukia kwenye mawimbi. Mzoefu huyaacha kwanza. Anakifungua kisu na kukifunga, mara tano, mara kumi. Anasikiliza kama kinafunga kwa mlio mmoja safi. Anakitikisa kidogo, bamba lisicheze kwenye kiungo. Anakifunga na kuangalia kama bamba limekaa katikati ya mpini au limeegemea upande. Anauliza chuma kilipashwa na kupozwa vipi, maana ndipo ugumu wa makali unapotoka. Halafu ndipo anageukia mawimbi, na hata hapo anahakikisha yanapita mpaka kwenye mgongo wa bamba, kwa sababu kuna wajanja wanaochora mawimbi juu ya chuma cha kawaida na kuuza kwa bei ya damaski.

Mmeona? Kisu kiwe kisu kwanza. Na chungu kiwe chungu kwanza. Turudi Lyulilo.

MASIKIO KABLA YA MACHO

Umefika sokoni, umesalimia vizuri. Tafadhali usianze na "hiki bei gani?" kama unauliza nauli ya daladala. Kwanza shikamoo mama, habari za safari, habari za ziwa. Ukijua "ugonile" ya Kinyakyusa itumie, watacheka na kukuitikia. Kisha omba ruhusa ya kushika. Mwenye mali nzuri hakatai kushikiwa.

Moja: kigonge. Kiweke chungu juu ya kiganja kilichofunguka, au kining'inize kwa kushika ukingo wake taratibu, halafu kigonge kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kilichoiva kinalia, mlio unaoendelea kidogo kama kengele ndogo. Chenye ufa kinasema "puu", sauti inafia palepale. Gonga sehemu tatu au nne kukizunguka, maana ufa unaweza kuwa upande mmoja. Ukigonga vyungu vitano mfululizo, hata kama ni mara yako ya kwanza, sikio lako litakuwa limeshajua tofauti.

Mbili: kinyanyue. Chukua viwili vya ukubwa mmoja, kimoja kila mkono. Kizuri ni kile chepesi kuliko macho yako yalivyotarajia, na wepesi wake uwe sawa pande zote. Pitisha vidole ndani na nje kwa wakati mmoja, kutoka ukingoni ukishuka. Ukikuta mahali ukuta unanenepa ghafla na kisha kukonda, jua hapo ndipo kitakapopasukia siku ya moto, kwa sababu penye unene na penye wembamba havipati joto kwa pamoja.

Tatu: kiangalie ndani. Kielekeze kwenye jua, ingiza uso. Nje kila mtu anapasugua na kupang'arisha, ila ndani ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Kama ndani kumesawazishwa vizuri, bila makunyanzi wala mshono, huyo mama hakuwa na haraka.

Nne: kikwaruze kidogo kwa ukucha, chini, mahali pasipoonekana. Kikitoa unga kirahisi, hakikuiva. Ukiona vidoto vyeupe vilivyovimba na kubandua ngozi ya chungu, kiache, huenda ni punje za chokaa zilizokuwamo kwenye udongo. Zikinywa unyevu zinavimba, na kila zikivimba zinang'oa kipande.

Tano: omba maji. Mimina, subiri dakika chache ukipiga stori. Mtungi wa maji ukitoa jasho kidogo pande zote usiogope, hiyo ndiyo kazi yake: maji yanapenya taratibu kwenye ukuta, yanakauka kwa hewa, na yaliyobaki ndani yanapoa. Friji lisilolipiwa umeme! Lakini ukiona unyevu umejichora kama mstari, huo ni ufa.

MAMBO YANAYOONEKANA KASORO KUMBE SIYO

Hapa ndipo watu wa mjini tunapowaonea akina mama wa watu. Tumezoea sufuria za kiwandani, mia zote sura moja, basi chungu kikiwa na doa tunaomba kipunguzwe bei.

Lile doa jeusi ubavuni si uchafu. Ni mahali ambapo kuni au nyasi ziligusa chungu wakati wa kuchomwa, au hewa ilikosekana. Halipunguzi nguvu. Kwa mtu anayekusanya, doa hilo ni kama sahihi ya moto, hakuna kingine duniani chenye doa la namna hiyo mahali pale.

Kinywa kisichokuwa duara kamili nacho kisikusumbue. Kimezungushwa na mkono na kupimwa kwa macho. Wewe kizungushe taratibu ukikitazama kutoka juu: kama kinayumba kidogo ni mkono wa mtu, kama kimelala upande mmoja ni kazi ya haraka.

Na kile kinachobingirika mezani? Mpenzi msomaji, chungu cha asili kina kitako cha mviringo kwa sababu hakikutengenezwa kwa ajili ya meza yako ya kioo. Kilitengenezwa kikae juu ya mafiga matatu, na moto ukizunguke sawasawa. Tafuta kata ya kamba au ya majani makavu, kikalishe, kitatulia. Ukitaka cha kitako bapa, kinunue ukijua kuwa hicho ni cha mapambo.

SASA ANGALIA MICHORO

Haya, kama kimepita kote huko, ruksa kukipenda. Angalia michoro sasa. Kuna mapambo yanayofanywa kabla ya moto, kwa udongo wa rangi unaopakwa na kusuguliwa, au kwa kuchanja. Hayo yameungana na chungu, hayatoki. Na kuna rangi ya dukani inayopakwa baada ya kuchomwa, ili king'ae kwa ajili ya watalii. Lowesha kidole, sugua. Ikitoka, umejua. Isipotoka lakini inang'aa kama mlango mpya, nusa: rangi ya mafuta na vanishi vina harufu yake.

Sikatazi mtu kununua cha rangi ya dukani. Kama ni cha kuweka maua makavu sebuleni, sawa kabisa. Ila usipikie wala usiwekee maji ya kunywa humo, hiyo rangi haikutengenezwa kuliwa. Na mtungi uliopakwa rangi ya mafuta mwili mzima haupoozi maji, kwa sababu matundu yake madogo ya kutolea jasho yamezibwa. Umelipia urembo ukakosa ubaridi.

Anayetaka kujua chungu kinaweza kufika wapi bila michoro, amtafute Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, na katikati ya miaka ya 1970 akaenda Nigeria kujifunza kwa wafinyanzi wa kule, akiwemo Ladi Kwali. Odundo naye hatumii gurudumu: anajenga kwa mkono, anapaka udongo laini, anasugua mpaka unang'aa, anachoma. Rangi zake ni wekundu wa udongo na weusi wa moshi, basi. Vyungu vyake vimeuzwa minadani kwa mamia ya maelfu ya pauni, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Watu wanalipa hela yote hiyo kwa ajili ya umbo na mkono.

KUHUSU BEI, TUELEWANE

Hapa ndipo wapendanao mnapokorofishana. Mmoja anataka kulipa alichoambiwa, mwingine anataka kukata nusu ili akasimulie ofisini. Kubaliana na mwenzio bajeti kabla hamjashuka kwenye gari, kisha mkumbuke hesabu hii.

Udongo umechimbwa, umebebwa, umetwangwa na kutolewa mawe. Chungu kimejengwa, kikaachwa kivulini siku kadhaa kikauke pole pole, maana kikikimbizwa juani kinapasuka. Kimekwanguliwa, kimesuguliwa, kimechomwa. Motoni vingine vimekufa, na aliyevitengeneza hakulipwa na mtu. Vilivyopona vimepanda mtumbwi, na ziwa lile likichafuka halina mzaha. Halafu wewe, ambaye jana ulinunua bia mbili hotelini bila kuuliza punguzo, unamwambia mama wa umri wa mama yako kuwa "huu si udongo tu?"

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anayetengeneza vyombo vya watu wote mwenyewe anakulia kwenye kigae. Tumezoea kuisema methali hiyo kama kichekesho, lakini ni malalamiko. Na si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, Botswana, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mafundi kupungua, bei ndogo ya vyombo vyao na vyombo vya kiwandani kuzidi. Bei ndogo! Kwa hiyo ile elfu unayoipigania mpaka jasho linakutoka, ukizidisha kwa wanunuzi wote, ndiyo inayomfanya binti wa mfinyanzi aseme bora nikauze vocha.

Kupatana bei ni mila yetu, siwezi kukukataza. Patana kwa utu. Uliza kwa akina mama wawili watatu ujue soko lilivyo. Ukichukua vingi, omba punguzo, ni haki yako. Lakini chungu kilichopita mitihani yote niliyokutajia, kilipe. Ukimlipa sawa na aliyelipua kazi, umemfundisha kulipua.

KUKIFIKISHA NA KUKITUNZA

Kukifikisha mjini ni kazi ya wawili. Kijaze nguo laini ndani, kizungushie kanga au magazeti, na kwenye basi kikae mapajani, si kwenye buti chini ya magunia ya mchele. Usiingize kidogo ndani ya kikubwa bila kitambaa katikati.

Cha kupikia, kiloweke maji siku nzima, kikauke, halafu pikia uji mwepesi mara ya kwanza ili wanga uzibe matundu. Moto uanze mdogo. Kwenye gesi weka bamba la chuma katikati, moto usikipige sehemu moja. Kisikae motoni kikavu, na kikishapata moto usikimwagie maji baridi. Wengi wanaolaumu mfinyanzi walifanya hilo la mwisho.

Kwa anayetaka kukusanya, usinunue kumi vinavyofanana. Chukua kimoja cha kila kazi: cha mboga, cha kupikia maharage, mtungi wa maji, kidogo cha mezani. Vinne vilivyochaguliwa vinapendeza kuliko kabati lililojaa.

MUULIZE JINA

La mwisho ndilo wengi hatulifanyi. Fundi wa kisu cha damaski hugonga jina au alama yake kwenye chuma, na jina hilo ni nusu ya bei. Huyo Ladi Kwali niliyemtaja, mwanamke aliyejifunza ufinyanzi kijijini kwao, picha yake ipo kwenye noti ya naira 20 ya Nigeria. Sisi vyungu vyetu vinafika sebuleni vikiitwa "vya Kyela" au "vya Matema", kama vile vimeota kando ya ziwa.

Muulize mama aliyekitengeneza anaitwa nani. Kama anayeuza ni mchuuzi, muulize kimetoka kwa nani. Akiridhia, andika kwenye kikaratasi: jina, kijiji, mwezi na mwaka, ukiweke ndani ya chungu. Haikugharimu kitu. Lakini siku mgeni atakaposema "chungu kizuri, mmetoa wapi?", mtamtajia mtu. Naye akienda Lyulilo atamuulizia huyo mtu, na huyo mtu akijua anaulizwa kwa jina hatalipua kazi, wala hatakubali bei ya kigae.

Kwa hiyo shangazi wa kicheni pati, kaka unayetafuta zawadi ya mchumba, na ninyi mliooana juzi mnaopanga rafu ya sebuleni: gongeni, nyanyueni, chunguzeni ndani, mimineni maji. Michoro mwishoni, jina kabla ya kuondoka. Na yule atakayeniuliza kama kanuni hii ya urembo kuangaliwa mwisho inafaa pia kwenye kuchagua mchumba, jibu analo, asinichokoze.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.